Siku ya Sabini na Nane

Jumatatu Shiko alikuwa amekaa kwenye kochi langu hapa Gitothua, miguu juu, akichezea simu. Shiko ni mjukuu wa dada yangu, na kwa desturi yetu ni mjukuu wangu pia. Anasoma chuo kikuu na amepanga chumba kule Kahawa Wendani, lakini mwezi unapokaribia kuisha njaa humkumbusha kwamba ana nyanya Ruiru. Nilimuuliza kama simu yake ingeweza kuhesabu siku kutoka tarehe ya zamani hadi leo. "Inaweza, shosho. Nipe date." Nikamwambia: tarehe ishirini na tatu Machi, mwaka wa themanini na nane. Yeye akiwa bado anabonyeza, mimi nilikuwa nimeshamaliza. Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na tatu Machi vilevile, kwa hiyo ni miaka thelathini na minane kamili. Zidisha kwa mia tatu sitini na tano, kisha ongeza siku tisa za zile Februari ndefu zilizopita hapo katikati. "Elfu kumi na tatu, mia nane sabini na tisa," nikasema. Shiko alitazama simu, akanitazama mimi. "Shosho, wewe ni noma! Lakini hiyo ni kitambo, manze. Mathe wangu mwenyewe alikuwa hata hajaanza shule." Kisha akauliza, "Kwani hiyo siku kulienda aje?" Nikamwambia aende jikoni aniangalizie chapati zisiungue.

Sikumjibu kwa sababu jana yake, Jumapili baada ya kanisa, nilikuwa nimepigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ikasema, "Wambui?" Siku hizi mimi ni Mama Kamau, ni Mwalimu, ni shosho, wa kuniita Wambui hivi hivi wamebaki wachache. Nikajua ni Nduku kabla hajajitaja. Namba yangu alikuwa amepewa na mwanamke mmoja tuliyefanya naye kazi Thika tukiwa wasichana. Jumamosi angekuja Ruiru kuona nyumba aliyojenga mwanawe, akaona apitie kwangu tunywe chai. "Ama utakuwa na kazi?" akauliza. Nikasema karibu, karibu sana, kisha nikakaa chini na viatu vya kanisa miguuni. Nduku alifukuzwa kazi kwa kosa ambalo mimi ningelizuia kwa neno moja, na neno hilo nililikalia kwa makusudi. Sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Sasa nilikuwa na siku sita za kuamua kama chai ya Jumamosi ingekuwa chai tu.

Tuelewane kwanza: tarehe hazinisumbui. Wenzangu wa rika hili wakiulizwa jambo lilitokea lini husema "zamani sana," wakimaanisha chochote kuanzia uhuru hadi harusi ya mtoto wa kwanza. Mimi hapana. Nimefundisha hesabu zaidi ya miaka thelathini na najua siku niliyoingia darasani, siku niliyotoka, na hali ya hewa ilivyokuwa. Lakini kupenda kuhesabu siku sikukupata chuoni. Nilikupata katika kiwanda kimoja kidogo cha Thika ambacho hakipo tena, na jina lake halina faida kwa mtu. Tulikuwa tukitia mishiri kwenye mikebe, ile mishiri myembamba ya kijani, maharagwe yanayoliwa na maganda yake, ambayo sisi wenyewe hatukuwa tukiila, na ikisafirishwa Mombasa ikapande meli. Niliingia Januari mwaka huo wa themanini na nane nikiwa na miaka ishirini na miwili, kibarua, na kichwa kilichojaa sifa ya kuwa wa kwanza katika hesabu shuleni kwetu. Sifa hiyo nilikuwa naitembeza Thika nzima.

Chumba chetu kilikuwa Makongeni, mabati juu na saruji chini, na mimi na Nduku tulikipanga pamoja wiki ya kwanza tu tulipojuana. Yeye alikuwa Mkamba wa kule Yatta, mashariki ya Thika, mrefu, mtaratibu, mwenye kucheka kwanza na kuelewa mzaha baadaye. Vitanda vilikuwa viwili, na katikati tulitundika leso yake yenye maua ya kahawia ili kila mmoja awe na upande wake, ingawa tulipiga gumzo kupitia hiyo leso kana kwamba haipo. Kulikuwa na jiko la makaa mlangoni, ndoo mbili, stuli moja. Jumapili Nduku alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa vizuri, pamoja na maharagwe na kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa chekundu, na mimi niliyekulia githeri, mahindi na maganda yake, nilikuwa nikimwambia kwamba huko kuyavua mahindi nguo ni maringo tu ya Wakamba. "Basi usile," angesema, huku akinipakulia sahani ya pili. Jirani upande wa kushoto alikuwa mama mmoja aliyemgombeza mumewe kila asubuhi kwa sauti ya kusali, na sisi tungenyamaza na vikombe vya uji mkononi tusikose hata neno. Nimeishi katika nyumba nzuri tangu wakati huo, lakini sijaishi na mtu niliyempenda haraka namna hiyo.

Kazi yangu ilikuwa vifuniko. Kila mkebe ulipigwa namba kwenye kifuniko, na namba hiyo ndiyo ilikuwa siku. Hawakuandika mwezi, walihesabu siku za mwaka kuanzia moja. Tarehe moja Januari ni siku ya kwanza, tarehe moja Februari ni siku ya thelathini na mbili, na kuendelea. Mashine ilikuwa na namba ndogo za chuma, na kila asubuhi kabla ya king'ora nilizitoa za jana kwa koleo na kutia za leo. Baada ya kupikwa kwa mvuke, mikebe ilipelekwa stoo, ikapangwa kwa marundo, na kila rundo likatundikwa kadi yenye siku yake. Kadi hizo ziliandikwa na karani wa stoo, ambaye alikuwa na meza, kalamu ya kampuni, na kiti. Hicho kiti ndicho kilichonitia wazimu. Sisi wengine tulisimama toka asubuhi hadi jioni. Mwishoni mwa Januari nafasi ya karani ilipotokea, mimi na Nduku tuliiomba sote wawili. Supavaiza wetu, Karanja, alitupa karatasi kila mmoja tuandike mistari mitano. Hakutuuliza hesabu hata moja. Akaangalia mwandiko wa Nduku, ulikuwa umelala vizuri kama nywele zilizochanwa, akasema, "Huyu ndiye karani." Mwandiko wangu, nakiri, ulikuwa kama nyayo za kuku.

Nilimpongeza. Hata nilinunua maandazi. Lakini wivu una mdomo wake, na wangu ulianza kumwita Nduku "karani" kwa namna ambayo si kumwita bali ni kumchoma. "Karani ameamka?" "Karani atachota maji leo ama ni kazi ya vibarua?" Yeye alicheka, kwa sababu mzaha ulimfikia polepole, na nadhani huo ulipofika alikuwa tayari amezoea.

Mwaka huo ulikuwa mwaka mrefu, wenye Februari ya siku ishirini na tisa. Jumatatu tarehe ishirini na tisa nilitia sitini kwenye mashine bila kufikiri, ndiyo iliyofuata. Huko stoo mambo yalikuwa mengine. Ukutani kulikuwa na chati iliyopigwa chapa, ya miaka yote, ikionyesha kila tarehe na namba yake, na chati hiyo haikuwa na tarehe ishirini na tisa Februari. Ilitoka ishirini na nane, ambayo ni hamsini na tisa, ikaruka hadi moja Machi, ambayo iliandika sitini. Nduku alimwita Karanja. Nilikuwa mlangoni nikingojea boksi la vifuniko, kwa hiyo niliyasikia kwa masikio yangu. "Hii siku ya leo haiko kwa chati," Nduku akasema. Karanja akajikuna shingo. "Jana ilikuwa Jumapili, si ndio? Hatukufanya kazi. Hiyo hamsini na tisa iko bure. Weka hapo." Nduku akaandika hamsini na tisa kwa mwandiko wake mzuri. Kesho yake, kwa chati, akaandika sitini. Mimi kesho yake nilitia sitini na moja.

Nilijua mara moja. Sikuhitaji hata dakika moja: kuanzia siku hiyo kila mkebe wa kiwanda kile ulikuwa na namba moja kichwani na namba nyingine kwenye kadi, na ingekuwa hivyo hadi Desemba. Ningeweza kusema. Ilikuwa hatua ishirini kutoka mashine yangu hadi meza yake. Lakini nilijiambia ngoja. Ngoja Karanja agundue mwenyewe, aone ni nani anayejua hesabu na ni nani anayejua kuchora herufi. Wiki tatu nilikula muthokoi wa Nduku nikiwa na jambo hilo tumboni, na niseme kweli, mwanzoni lilinipa raha. Nilikuwa sahihi, na hakuna aliyejua ila mimi.

Ijumaa tarehe kumi na nane mvuke ulishuka. Mtungi mmoja wa kupikia haukupata joto la kutosha, na mishiri ambayo haikupikwa sawasawa ndani ya mkebe uliozibwa ni sumu. Hilo tulifundishwa siku ya kwanza kazini, kabla hata ya kuonyeshwa choo. Maabara ilichukua siku kadhaa kuhakikisha. Jumatano, ndiyo hiyo tarehe ishirini na tatu, walikuwa wameshika mkebe mkononi, wakasoma kifuniko, wakatoa amri: siku ya sabini na nane isitoke. Saa ya chai nilikuwa nimeegemea ukuta na kikombe changu, na wapakiaji wawili walikuwa wakizungumza kando. Mmoja alisema wamesogeza sabini na nane yote pembeni, kazi ya kuvunja mgongo. Mwenzake akasema afadhali, sasa lori la Mombasa lilikuwa linapakia sabini na saba na lilikuwa karibu kujaa.

Sabini na saba ya kadi. Kikombe kilinianguka. Kwa kadi za Nduku, sabini na saba ilikuwa ndiyo Ijumaa. Waliyoisogeza pembeni ilikuwa mikebe mizima ya Jumamosi, na ile mibovu ilikuwa inapanda lori. Nilikimbia na buti za mpira na aproni, nikapita stoo, nikapita meza ya Nduku bila kumtazama, nikafika kwa meneja aliyesimama karibu na lori akitia sahihi karatasi. "Simamisha!" nikapaza sauti. "Hiyo ndiyo sabini na nane! Fungua uone!" Karanja alinishika mkono, "Wewe msichana una wazimu?" Lakini meneja alikuwa mtu wa kusikiliza. Alichukua mkebe mmoja kutoka kwenye lori, akaugeuza, akasoma kifuniko. Akachukua mwingine. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Teremsheni yote."

Sijutii mbio hizo. Nimewaambia wanafunzi wangu hadithi ya lori mara nyingi, na kila mara natembea kifua mbele. Kuna watu mahali fulani ng'ambo waliokula chakula chao cha jioni wakaamka salama kwa sababu msichana wa Makongeni alijua kuhesabu. Ninachowaacha nje ni saa moja iliyofuata. Tuliitwa ofisini, mimi, Karanja na Nduku. Meneja akauliza kadi zilikosewaje. Karanja akatazama dirisha. Hakusema lolote kuhusu Jumapili na hamsini na tisa iliyo bure. Nduku akasema alifuata chati, na machozi yakaanza kumtoka hata kabla hajamaliza. Meneja akanigeukia: mimi niligundua lini? Na mimi nikasema, "Leo, bwana. Saa ya chai." Ulikuwa uongo mdogo, maneno matano, na niliyasema kwa ujasiri uleule niliosimamishia lori. Nduku aliachishwa kazi saa sita. Mimi nilipewa barua ya kuajiriwa na, kuanzia kesho yake, kile kiti.

Nilipofika chumbani jioni alikuwa ameshafunga mzigo wake. Leso ilikuwa imeondolewa katikati, na chumba kilionekana kikubwa kwa namna ya kutisha. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nimekuachia makaa, na mahindi yako kwa ndoo." Nilitaka kusema na sikusema. Nilimsindikiza hadi kituoni, nikambebea kikapu. Kwa miezi iliyobaki nilikaa kwenye kiti kile na sikukipenda hata siku moja. Kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Hilo Nduku hakuwahi kulalamikia. Chati niliibandua siku ya kwanza nikaandika yangu kwa mkono, nikajifundisha mwandiko pole pole, na tarehe thelathini na moja Desemba niliandika mia tatu sitini na sita kwenye kadi ya mwisho. Kisha nikaacha kazi nikaenda kusomea ualimu. Mwalimu niliyekuja kuwa alitoka kwenye mwaka ule: mtoto yeyote aliyekosea kwa moja tu, nilimwambia papo hapo, kabla kosa halijazaa. Wenzangu walinicheka, waliniita polisi wa daftari. Na Yatta si mbali, ningeweza kwenda. Sikwenda.

Jumamosi Nduku alikuja saa nne asubuhi, na fimbo, na mfuko wa ndengu. Amenenepa, nywele ni nyeupe. Shiko alimpokea mfuko, akasema, "Karibu, shosho," na Nduku akacheka, kisha akaelewa kwamba ameitwa shosho, akacheka tena. Tulikaa sebuleni. Alikula chapati tatu. Aliniambia kuhusu mapapai yake, watoto watano, mume aliyefariki, kanisa walilolijenga kwa kubeba mawe wenyewe. Hakuwa mtu aliyevunjika. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu aliyevunjika, na nikaona aibu kwamba nilimpangia maisha hayo kichwani bila kumuuliza. Shiko alipotoka kwenda dukani kutafuta maziwa zaidi, nilijua ni sasa. Mficha uchi hazai.

"Nduku," nikasema, "zile namba za stoo. Mimi nilijua kutoka tarehe moja Machi. Nilinyamaza kwa sababu ya kiti. Halafu nikamdanganya meneja, nikasema nimejua siku hiyo hiyo. Ningesema mapema haungefukuzwa."

Aliweka kikombe chini. Alinitazama bila hasira.

"Lakini hiyo nilijua, Wambui."

"Ulijuaje?"

"Si nilikuuliza? Ile wiki ya kwanza ya Machi. Kulikuwa na mkebe umebondeka, Karanja akaniambia nibebe nyumbani. Nikaangalia hapo juu, nikaona namba yako imepita yangu na moja. Nikakuuliza, nani amekosea, ni mimi ama ni wewe? Ulikuwa unakoroga uji. Haukugeuka hata. Ukaniambia, 'Wewe ndiye karani.'" Akapangusa mdomo kwa kitambaa. "Nikaona haya kuuliza tena. Nikafuata chati."

Niliitafuta siku hiyo. Mimi, wa tarehe, niliitafuta pale pale kwenye kochi kwa nguvu zangu zote. Niliuona uji, nikaiona stuli, nikaona hata maua ya leso. Mkebe sikuuona. Maneno hayo sikuyapata popote, ingawa niliyatambua mara tu aliposema: sauti ilikuwa yangu. Miaka yote hii nilijihukumu kwa kunyamaza, na kunyamaza nilikuwa nimeanza kukuzoea. Kumbe sikunyamaza. Niliulizwa na rafiki yangu, nikamjibu, na jibu hilo nikalisahau siku ileile huku yeye akilibeba hadi Yatta. Nililia mbele yake bila kujificha uso, kilio cha mtoto aliyeshikwa.

"Nisamehe, Nduku."

Alinyoosha mkono akanipiga gotini mara mbili, kama mtu anayemwambia mwenzake ainuke waende.

"Ai, Wambui. Nilikusamehe zamani," akasema. "Lakini usiniulize tarehe."